Maghala ya Sumu (Sehemu ya Tatu): Kambi Zisizo na Gwaride

Tarehe 7 Julai 2023, katika ghala la Blue Grass, Kentucky, Marekani iliangamiza roketi yake ya mwisho yenye sumu ya sarin. Magazeti mengi yaliipa habari hiyo kipembe tu. Sumu zenyewe tumekwisha kuzieleza katika sehemu zilizotangulia. Leo tuone zilikokuwa zikilala.

Kambi ya jeshi haihitaji maelezo: askari wanaishi humo, wanafanya mazoezi, wakiamriwa wanakwenda vitani. Ghala la kemikali halina gwaride. Ni vyumba vya zege vilivyofukiwa udongo, vikaota majani juu, na mafundi waliovaa barakoa wakipima hewa kujua kama kuna kombora linalovuja. Kadiri sumu inavyozeeka, ndivyo inavyomtisha mwenyewe kuliko adui.

Wazungu wakisimulia habari za gesi huanzia Ypres, Ubelgiji, katika Vita Kuu ya Kwanza, Aprili 1915. Mimi, wasomaji wanivumilie tena, naanzia Ethiopia. Italia ilikuwa imeridhia Itifaki ya Geneva ya 1925 inayokataza gesi vitani. Desemba 1935, katika vita vya kuivamia Ethiopia, ndege zake zikaangusha mabomu ya gesi ya haradali karibu na mto Tekeze, kisha zikaanza kuinyunyiza kutoka angani kama mvua. Gesi hiyo huchoma ngozi, macho na mapafu, na wapiganaji wengi wa Ethiopia walikuwa pekupeku. Rubani peke yake asingeweza unyama huo. Nyuma yake palikuwa na meli zilizosafirisha sumu, maghala yaliyoihifadhi na makarani walioihesabu kwa utulivu. Tarehe 30 Juni 1936 Haile Selassie, mfalme wa Ethiopia, aliyaeleza hayo yote mbele ya Shirika la Mataifa huko Geneva. Mwezi haukupita, vikwazo ambavyo Shirika hilo liliiwekea Italia vikaondolewa! Wizara ya ulinzi ya Italia ilikuja kukiri mwaka 1996, wakati walioungua wengi wako kaburini. Huo ndio uungwana tuliofundishwa shuleni kuuiga.

Turudi Kentucky. Mwaka 1984 jeshi lilitangaza kwamba litaichoma moto sumu iliyokuwa Blue Grass. Wakazi, wakiongozwa na Craig Williams aliyekuwa askari katika Vita vya Vietnam, wakaukataa moshi huo. Mwishowe sarin ilivunjwa kwa maji ya moto na kostiki soda, ileile ya watengeneza sabuni.

Kilichoilazimisha Marekani kuimaliza kazi hiyo ni Mkataba wa Silaha za Kemikali, ulioanza kufanya kazi 1997. Misri na Korea Kaskazini hazijautia saini. Israel iliutia saini 1993, haijauridhia.