Tarakimu Ishirini za Mwananchi

Namba ya Kitambulisho cha Taifa ina tarakimu 20, awe mwenyewe ni mkulima wa Kibakwe, wilayani Mpwapwa, au mvuvi wa Wete. Tangu 2019 usajili wa laini za simu kwa alama za vidole umeitegemea namba hiyo. Msomaji wa visiwani asiseme basi kwamba Kibakwe haimhusu: kosa likiingia katika mitambo ya kuipokea halitachagua nani wa Bara na nani wa Zanzibar.

Mitambo miwili ya kompyuta ikitaka kupeana habari, huandikiwa faili la maelezo: kipi kiulizwe, na jibu liwe la namna gani. Kanuni za uandishi huo zinazotumika sana duniani ni za OpenAPI, zilizoanza kwa jina la Swagger na kuwekwa chini ya Linux Foundation mwaka 2015. Mwandishi wa faili hukosea: rejea inaelekeza pasipo na kitu, au jibu halikuelezwa kabisa. Makosa hayo hukamatwa mara moja na maktaba ya programu kama openapi-spec-validator ya lugha ya Python, nayo hutolewa bure. Hatuoni udhuru wa ofisi yoyote kupokea faili la mkandarasi bila kulikagua.

Lakini tusidanganyane. Maktaba hiyo hukagua sarufi, haikagui maana. Mwandishi akitangaza kwamba namba ya kitambulisho ni nambari kamili ya biti 64, faili litapita, maana kanuni zinaruhusu. Nambari ya aina hiyo haivuki tarakimu 19! Namba ya mwananchi itakataliwa. Na katika baadhi ya programu, jambo baya zaidi, tarakimu zake za mwisho zitabadilika kimya kimya. Mtu wa Kibakwe ataambiwa hajulikani, naye kadi anayo mkononi.

Namba hiyo haina budi kutangazwa kuwa maandishi ya tarakimu 20, na sharti hilo liongezwe katika ukaguzi. Tunawaomba wakuu wa Mamlaka ya Serikali Mtandao, iliyoundwa kwa sheria ya 2019, wakae na wenzao wa Zanzibar, waandike masharti ya namna hiyo kwa pamoja, pamoja na yale ya tarehe, fedha na namba za simu zinazoanza na sifuri. Na kila faili likibadilishwa, hata mstari mmoja, likaguliwe upya kabla ya kufikishwa kwenye mtambo unaohudumia watu.