Maziwa ya papai na biashara ya uso

Alfajiri, katika mabonde ya joto ya Beni, mashariki mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, mkulima hufunga kitambaa chini ya mapapai mabichi kama mwavuli uliopinduliwa, kisha huchanja ganda mistari myembamba. Maziwa hudondoka, yakaganda. Akitumia wembe wenye kutu au akiyakinga kwenye bati, hugeuka rangi na kupungua nguvu, na mnunuzi hushusha bei papo hapo. Vidole vyake navyo huchubuka.

Kinachochubua vidole ndicho kinachouzwa. Papaini, kimeng'enya cha utomvu huo, huyeyusha protini, na kwa hiyo hulegeza ngozi iliyokufa usoni. Watengenezaji wa vipodozi huitaka, sawa na viwanda vya bia na vya nyama. Beni imeiuza nje kwa miongo kadhaa, ENRA ikiwa kampuni inayojulikana zaidi.

Siku hizi wauzaji wa krimu za papaini huahidi kuondoa makunyanzi kama leza. Huo ni uongo. Leza hupeleka joto ndani ya ngozi ili mwili ujenge kolajeni mpya. Papaini huishia juu. Na leza yenyewe si mchezo kwa ngozi nyeusi: melanini hunyonya mwanga, na asiyejua kupima nguvu yake huacha madoa palipokuwa na makunyanzi. Inahitaji daktari wa ngozi na umeme wa uhakika. Krimu inahitaji meza tu sokoni, mjini Butembo.

Kwa mama wa Luofu, kule milimani, anayeinamia viazi na maharagwe juani mchana kutwa, hofu yangu kubwa si papaini bali krimu za kung'arisha ngozi zenye zebaki au haidrokwinoni. Zebaki huumiza figo, na ngozi iliyochubuliwa haina kinga ya kutosha dhidi ya jua la milimani. Kofia pana ingemfaa zaidi, tena kwa bei ndogo.

Mwaka 2008 Marekani iliagiza dawa za papaini za kupaka vidonda, zilizokuwa hazijaidhinishwa, ziondolewe sokoni kwa sababu ya mzio mkali. Vipodozi havikuguswa. Lakini mlango mmoja wa mnunuzi ukifungwa ng'ambo, mkulima wa Beni hawezi kuyarudisha maziwa kwenye papai.

Kisha kuna usalama. Tangu mauaji ya raia huko Beni yaanze mwaka 2014, kutangulia shambani gizani ni kucheza na roho. Anayengoja kupambazuke kabisa hukuta jua limemtangulia, na maziwa yanakauka juu ya tunda.