Fyuzi Hulinda Waya, Haikulindi Wewe
Namna ya kuchaji batri ya pikipiki ya umeme bila hatari



Huko Kigali, Kampala na Nairobi motari wengi sasa wanapanda pikipiki za umeme. Hapa Bunia nako batri kubwa si kitu kigeni: tunazo katika magari na katika nyumba zenye taa za jua. Siku utakapoleta pikipiki ya namna hii nyumbani, swali la kwanza litakuwa: niichomeke wapi? Jibu ni hili: si kwenye prizi yoyote.

Chaja si taa

Soma kibandiko cha chaja yako. Chaja ya wati 2200 kwenye umeme wa volti 220 huvuta ampea 10. Tena huzivuta saa nyingi bila kupumzika, mara nyingi usiku watu wakiwa wamelala. Na ujue kwamba ampea zikiongezeka mara mbili, joto ndani ya waya huongezeka mara nne. Ndiyo sababu waya mwembamba uliowasha taa miaka kumi bila shida unaweza kuyeyuka mpira wake kwa usiku mmoja.

Kwa nini fyuzi haitoshi

Wengi husema: "Nimeweka fyuzi, sina wasiwasi." Fyuzi ya ampea 16 kazi yake ni kukata wakati waya umebebeshwa mzigo uliopita kiasi. Lakini mwili wa mtu hauhitaji hata ampea 1. Ampea 1 ni miliampea 1000. Miliampea 10 hadi 20 hukaza misuli, mkono ukashindwa kuachia. Zikipita 30 na kudumu, pumzi na moyo viko hatarini. Mtu anaweza kufa na fyuzi ikabaki nzima.

Vitu viwili ndivyo vinavyokulinda wewe na watoto wako. Cha kwanza ni waya wa ardhi, wenye rangi ya kijani na manjano. Umeme ukivuja kwenye chuma, waya huo huupeleka ardhini badala ya kuupitisha mwilini mwako. Cha pili ni dijonkta diferensieli ya miliampea 30. Hiyo hulinganisha umeme unaokwenda na unaorudi. Ukipotea kidogo njiani, inakata mara moja.

Umeme ukitoka kwenye mtambo wa maji kama Budana, uliojengwa kwenye mto Shari kwa ajili ya migodi ya Kilo-Moto, au ukitoka kwenye jenereta, hatari ni ile ile.

Mambo ya kufuata

1. Mwite fundi wa umeme. Chaja ipewe waya wake peke yake kutoka kwenye kibao, wa milimita mraba 2,5 au zaidi, pamoja na dijonkta yake.
2. Fundi apime waya wa ardhi. Arudie kuupima wakati wa kiangazi, kwa maana udongo mkavu haupitishi umeme vizuri.
3. Bonyeza kitufe cha kujaribu dijonkta diferensieli kila mwezi. Isipokata, ibadilishwe.
4. Usitumie rallonge iliyoviringwa. Joto lake halina pa kutokea. Usikate waya wa ardhi wa chaja ili plagi iingie.
5. Tumia chaja iliyotengenezwa kwa batri hiyo. Batri iliyovimba, iliyopasuka au iliyoingia maji isichajiwe.
6. Usichaji kwenye chumba cha kulala wala mlangoni. Moto ukiwaka hapo, njia ya kutokea imefungwa.
7. Batri ya asidi ichajiwe mahali penye hewa. Hutoa gesi ya hidrojeni, ambayo hupanda juu. Ikifika sehemu 4 kwa 100 za hewa, cheche moja yatosha kuilipua. Usivute sigara karibu. Zima chaja kwanza, ndipo uondoe vibanio.

Ajali ikitokea

Mtu akishikwa na umeme, usimguse. Kata umeme kwanza. Usipoweza, na ikiwa ni umeme wa nyumbani, simama juu ya ubao mkavu umsukume kwa mti mkavu. Akiwa hapumui, tuma mtu akaite munganga, nawe anza mara moja: bonyeza katikati ya kifua kwa nguvu, mara 100 hadi 120 kwa dakika, usiache mpaka msaada ufike. Hata akiamka na kusema "nimepona", mlete apimwe moyo. Jeraha dogo la umeme kwenye ngozi laweza kuficha jeraha kubwa ndani.

Asidi ikimwingia mtu machoni, mwagia maji safi mengi dakika 20 au zaidi, kope zikiwa wazi, kisha mlete haraka. Usipake mafuta wala dawa ya meno.

Batri ya lithiamu ikianza kutoa moshi, toeni watu wote nje. Moshi huo ni sumu, na moto wake huweza kuwaka tena baada ya kuzimika. Pikipiki hununuliwa tena. Usirudi ndani kuifuata.

Kabla ya kuchomeka chaja leo jioni, tazama waya wa ardhi upo wapi. Kama huuoni, ngoja fundi.