Iceland: barabara moja, nchi nzima

Ramani ya Iceland haimsumbui dereva. Reli hakuna hata kilomita moja. Iliyopo ni Barabara Namba 1, inayokizunguka kisiwa kwa takriban kilomita 1,300, na miji mingi imejipanga kando yake. Katikati haishi mtu: ni mchanga mweusi, lava na barafu. Kwa hiyo marafiki wanne mkikodi gari Reykjavík, mkaifuata barabara hiyo hadi ikawarudisha mlikotoka, mtakuwa mmeiona nchi hiyo kuliko wengi wetu tulivyoziona nchi zetu. Inabaki rasi ya kaskazini-magharibi, nayo inadai safari yake peke yake.

Sisi tulianzia kusini, kama wafanyavyo wageni wengi. Maporomoko ya Seljalandsfoss na Skógafoss, kila moja likianguka kama mita 60, yanaonekana ukiwa bado barabarani. Sitayasimulia sana, maana picha zake zimeshazunguka dunia, na watalii unaowakuta pale ni wengi mno. Iceland ina watu wasiofika 400,000, lakini wageni wanaoingia kwa mwaka wamepita milioni mbili. Karibu na kijiji cha Vík upo ufuo mweusi wa Reynisfjara, mzuri wa kutisha. Mawimbi yake huja kimya kisha moja likapanda ghafla mbali kuliko mengine yote, na limeshaua watalii waliolipa mgongo wakipiga picha. Mabango ya onyo yapo. Wanaoyasoma ni wachache.

Ukishaipita Vík, nchi inabadilika. Barabara inakatiza uwanda wa lava uliofunikwa na kuvumwani ya kijani-kijivu, laini kama godoro, na kuikanyaga ni kosa, kwa sababu ikichubuka huchukua miongo kupona. Kuendesha gari nje ya barabara kumepigwa marufuku nchi nzima. Lava hiyo ilimwagwa na nyufa za volkano ya Laki kuanzia mwaka 1783. Gesi yake yenye sumu iliharibu malisho, mifugo ikafa, njaa ikafuata, na karibu mtu mmoja kati ya watano nchini akapoteza maisha.

Mbele zaidi ni Skeiðarársandur, jangwa la mchanga na kokoto lililoletwa na mito itokayo chini ya Vatnajökull, tandiko la barafu linalofunika karibu asilimia 8 ya nchi. Hapa ndipo wajenzi wa barabara walipokwama miaka mingi. Mkazi wa wilaya ya Öræfi, ng'ambo ya jangwa hilo, aliyetaka kwenda Reykjavík kwa gari ilimbidi azunguke kupitia kaskazini, hadi daraja la mto Skeiðará lilipofunguliwa mwaka 1974 na mzunguko ukakamilika. Kumbe ardhi ilikuwa haijamaliza neno lake. Mwaka 1996 volkano ililipuka chini ya barafu, maji yakakusanyika kwa wiki kadhaa, na tarehe 5 Novemba yakatoka kwa kishindo yakibeba mabonge ya barafu yenye ukubwa wa nyumba. Daraja likavunjika sehemu, na la jirani, la mto Gígjukvísl, likasombwa lote. Hakufa mtu, kwani barabara ilikuwa imeshafungwa.

Kando ya barabara wameacha vipande vya chuma vilivyosalia. Tulisimamisha gari tukavikagua: mihimili minene iliyopindwa ikasokotwa, kutu nyekundu, matundu ya boliti yaliyovutika hadi kupoteza umbo. Sijaona mnara wa ukumbusho wenye maneno machache na hoja nzito kuliko huo. Mwaka 2011 mafuriko ya namna hiyo yalilibeba daraja la mto Múlakvísl, na katika muda wa wiki moja hivi la muda likawa limesimama. Hawa ni watu wanaojenga wakijua kwamba watajenga tena.

Uendeshaji wenyewe si mgumu, ila una adabu zake. Taa huwashwa hata mchana wa jua kali. Kwenye lami mwisho ni kilomita 90 kwa saa, kwenye changarawe 80. Madaraja ya njia moja bado yapo, na aliyefika kwanza ndiye hupita. Adui hasa ni upepo. Mwenyeji mmoja alitufundisha kuegesha gari likitazama upepo unakotoka na kuushika mlango kwa mikono miwili, kwani upepo wa huko huung'oa mlango kwenye bawaba, na bima nyingi za magari ya kukodi hazilipi hasara hiyo. Kisha wapo kondoo: jike na wanakondoo wake wawili, mara nyingi mama upande mmoja wa barabara na watoto upande wa pili. Hapo punguza mwendo, watavuka tu.

Kwangu mimi, kaskazini ndiko kwenyewe. Kuzunguka ziwa Mývatn kuna usubi wa kuziba pua, lakini pale Námaskarð matope ya kijivu yanachemka na mvuke unafoka kwa harufu ya mayai viza. Mwenzetu mmoja, mhandisi aliyewahi kufanya kazi Olkaria, kwenye vituo vya jotoardhi vya Kenya karibu na Naivasha, alicheka: alijiona yuko Naivasha. Hakukosea. Iceland, sawa na Bonde la Ufa, imekaa mahali ambapo ardhi inapasuka na kuachana, kule kwa sentimita mbili hivi kwa mwaka. Nyumba tisa kati ya kumi hupashwa joto kwa maji ya moto ya ardhini. Tangu mwaka 1979 wenyeji wamekuwa wakiwafundisha wataalamu wa nchi nyingine elimu ya jotoardhi, na Wakenya ni miongoni mwa waliokwenda kwa wingi. Naivasha inaijua Iceland kwa ubaya pia. Volkano ya Eyjafjallajökull ilipolipuka Aprili 2010 na majivu yakafunga anga la Ulaya, maua ya mashamba ya Naivasha, yaliyokosa ndege za kwenda Ulaya, yalioza katika maghala ya Kenya na vibarua wakarudishwa nyumbani.

Jioni, ukitaka kuwajua wenyeji, nenda kwenye bwawa la kuogelea la mji. Karibu kila mji unalo, la wazi na lenye maji ya moto, na ndilo baraza lao. Sharti uoge kwa sabuni bila nguo kabla ya kuingia, na msimamizi hana aibu ya kukurudisha bafuni. Ndani ya maji wote ni sawa: huitana kwa jina la kwanza hata akiwa rais, na wengi wao hawana jina la ukoo ila la mzazi, sawa na bin na binti zetu.

Anayetaka kwenda aombe viza ya Schengen mapema, achague Juni au Julai, usiku usipokuwa na giza, na kila asubuhi aangalie taarifa za barabara na upepo kabla ya kuwasha gari. Hotelini chakula ni ghali mno, kwa hiyo nunueni dukani mpike wenyewe. Maji ya chupa msinunue kabisa, kwani ya baridi ya bombani ni safi na ni bure.