Mradi wa kompyuta: Chagua utakaoumaliza

MWANAFUNZI wa kompyuta afikapo mwaka wa mwisho chuoni hutakiwa kuchagua mradi wa kuandika programu. Uamuzi huo huchukua siku chache tu, lakini matokeo yake huonekana wakati wa kufuzu. Wapo wanaochagua mradi wenye jina kubwa ili kuwapendeza wahadhiri, kisha muhula ukaisha kazi ikiwa nusu. Mzazi aliyelipa karo kwa kuuza mboga sokoni hulazimika kutafuta nyingine.

Ikiwa wapenda hesabu, uwanja mmoja unaokufaa ni wa kugawanya kazi, yaani kuifanya kompyuta itekeleze sehemu kadhaa za hesabu kwa wakati mmoja. Kompyuta nyingi za siku hizi, hata za mitumba, zina viini viwili, vinne au zaidi ndani ya prosesa. Programu ya kawaida ya mwanafunzi hutumia kimoja tu, vingine vikikaa bure.

Somo la chapati

Kabla hujachagua, fahamu kanuni inayotokana na hoja aliyoitoa Mmarekani Gene Amdahl mwaka 1967. Tuseme mtu mmoja hupika chapati kwa dakika 100: dakika 10 za kukanda unga na 90 za kusukuma na kupika. Wakija watu wanne, kila mmoja na kikaango chake, zile 90 zitakuwa 22 na nusu. Lakini unga hukandwa na mtu mmoja. Kazi yote itachukua dakika 32 na nusu. Kasi imeongezeka mara tatu na kidogo, wala si mara nne. Hata ukiwaita majirani mia, hutashuka chini ya dakika 10.

Basi jiulize: katika hesabu yangu, kukanda unga ni sehemu gani? Ikiwa kila hatua yategemea jibu la hatua iliyotangulia, tafuta mradi mwingine.

Miradi mitatu

Wa kwanza ni kuhesabu nambari tasa, zile zisizogawika ila kwa moja na kwa zenyewe, zilizo chini ya milioni 10. Jibu lajulikana: ni 664,579. Programu yako ikikosea utajua mara moja. Lakini jihadhari. Ukijaribu kuigawa kila nambari moja moja na ukakata kazi mafungu manne sawa, fungu la nambari ndogo litamalizika mapema, kwani nambari kubwa huhitaji majaribio mengi zaidi. Kata vifungu vidogo vidogo, kila kiini kikimaliza kimoja kichukue kingine. Tena viini viwili vikiandika jumla mahali pamoja kwa wakati mmoja, kimoja chaweza kufuta kazi ya mwenzake. Kila kiini kiwe na hesabu yake, mkusanyo ufanywe mwishoni.

Wa pili ni kuzidisha matriki. Mbili zenye safu 1,000 kwa 1,000 huhitaji mazidisho bilioni moja kwa njia ya kawaida, na kila jibu laweza kutafutwa bila kungoja jingine.

Wa tatu ni kuchangia programu huria za hesabu kama SymPy, au SageMath iliyoanzishwa na William Stein mwaka 2005. Hazilipiwi, na maandishi yake ya ndani yako wazi kwa yeyote. Anza kwa kurekebisha kosa dogo. Mpango wa Google Summer of Code, ulioanza mwaka huo huo wa 2005, umewalipa vijana wa nchi nyingi kwa kazi za aina hii.

Neno kwa mzazi

Mtoto akidai kwamba mradi huu hauwezekani bila mashine mpya ya bei ghali, mwulize atapima nini. Mashine ya kawaida yenye viini vinne yatosha kuonyesha tofauti, na vifaa vya kuandikia programu, kama vile Python, hupatikana bure.

Nawe mwanafunzi, andika kwanza programu ya kiini kimoja, hakikisha jibu ni sahihi, kisha upime muda wake. Ndipo uigawe kwa viini viwili, halafu vinne, ukiandika dakika na sekunde katika jedwali. Kasi isipopanda ulivyotarajia, eleza sababu. Maelezo hayo ndiyo yanayoonyesha kwamba umeelewa. Mshika mbili moja humponyoka. Shika mradi mmoja, uumalize.