CHEO HUBAKI NGAZINI: Simu ya Askari Ndani ya Ndege

KIMIRONKO ni mtaa usiolala mapema. Jua likishatua juu ya vilima vya Kigali, watu huendelea kumiminika kutoka kituo cha mabasi kuelekea sokoni, na vibanda vya wauza simu huwasha taa zao. Jioni moja tulipita hapo kutafuta chaja, tukamkuta koplo mmoja kijana ambaye baada ya siku mbili alikuwa aondoke na kikosi chake kwenda kazini nje ya nchi. Mbele yake, juu ya meza ya muuzaji, kulikuwa na simu yake na pawabenki kubwa, yaani betri ya akiba, aliyokuwa akiipatania bei.

Alipotutambua alisimama wima akatuamkia. Kisha akatoa lililokuwa likimsumbua moyoni. Mke wake alikuwa katika siku za mwisho za ujauzito.

"Afande," aliuliza, "nikiiacha simu wazi mfukoni, bila mlio, nani atadhurika? Nataka tu nipate habari mtoto akizaliwa."

Swali la mtu ambaye mkewe yu karibu kujifungua halijibiwi kwa amri tupu. Tuliketi naye mgahawani, na hayo tuliyomweleza ndiyo tunayoyaleta leo mbele ya askari na polisi wenzetu. Jambo lenyewe si dogo kwetu. Tangu Agosti 2004, kikosi cha kwanza cha Rwanda kiliporuka kwenda Darfur, safari ya ndege imekuwa sehemu ya kazi ya askari wa nchi hii. Walikwenda Sudani Kusini, wakaenda Jamhuri ya Afrika ya Kati, na mwezi Julai 2021 wanajeshi na polisi 1,000 walipelekwa Cabo Delgado, Msumbiji. Wengi wao walipanda ndege kwa mara ya kwanza wakiwa wamevaa sare.

AMRI ILITOKA WAPI

Watu wengi hudhani kuwa simu ilikatazwa kwa sababu ingeiangusha ndege mara moja. Sivyo ilivyokuwa. Nchini Marekani, katazo la mwaka 1991 lilitolewa na tume inayosimamia mawasiliano, wala si na mamlaka ya usafiri wa anga. Hofu yao ilikuwa kuhusu minara iliyoko ardhini. Simu iliyoko Kimironko huzungumza na mnara mmoja ulio karibu, na ikihama huukabidhiwa mnara unaofuata. Lakini simu iliyoko mita 10,000 angani huifikia minara mingi kwa wakati mmoja, nayo ndege hukimbia zaidi ya kilometa 800 kwa saa. Mtandao hauna muda wa kuipokea simu hiyo na kuikabidhi kwa utaratibu, na wenye simu walio chini wangeweza kuvurugiwa mawasiliano yao.

Sababu ya pili yahusu chumba cha marubani. Kila mtu wa redio katika jeshi aijua kelele ile ya tirr-tirr-tirr iliyokuwa ikisikika katika spika muda mfupi kabla ya simu kuita. Simu za mfumo wa zamani wa GSM zaweza kutoa nguvu ya hadi wati 2, na kadiri mnara unavyokuwa mbali ndivyo simu inavyopaza sauti yake kuutafuta. Kelele hiyo ikiingia katika visikizi vya rubani wakati mwongoza ndege anampa namba ya njia au kimo cha kushukia, neno moja laweza kupotea. Sisi tuliofundishwa kusikiliza amri kwa redio twajua thamani ya neno moja.

Hatusemi kwamba simu moja ya abiria itaiangusha ndege kubwa. Hakuna ajali ya ndege kubwa ya abiria iliyothibitishwa kuwa ilisababishwa na simu ya abiria. Hata hivyo, tarehe 6 Juni 2003, karibu na Christchurch, New Zealand, ndege ndogo ilianguka kabla ya kuufikia uwanja wakati wa usiku wenye ukungu, na watu 8 kati ya 10 wakafa. Wachunguzi waligundua kuwa simu ya rubani mwenyewe ilikuwa hewani katika dakika za mwisho, na wakasema huenda iliathiri vyombo vyake. Neno ni "huenda" tu. Lakini askari mwenye akili hapiti katika uwanja ambao "huenda" una mabomu ya ardhini kwa kuwa tu hakuna aliyethibitisha.

MAMBO YAMEBADILIKA

Ni haki tuseme pia kwamba sheria zimelegezwa. Tarehe 20 Machi 2008 shirika la Emirates liliruhusu mazungumzo ya simu katika ndege yake iliyokuwa ikitoka Dubai kwenda Casablanca. Humo ndani kulikuwa na mtambo mdogo ufanyao kazi ya mnara, unaopeleka mawasiliano kwa setilaiti. Kwa kuwa mnara umo ndani ya ndege, simu hunong'ona tu badala ya kupaza sauti.

Mwishoni mwa Oktoba 2013, Marekani iliruhusu mashirika ya ndege kuwaachia abiria watumie vyombo vyao tangu kupaa hadi kutua, mradi simu ziwe katika hali ya ndegeni, yaani zisitume mawimbi kwa minara. Ulaya ilifuata mwaka huohuo, na mwaka 2014 ikaliachia kila shirika lijipimie ndege zake na kuamua. Hapa kwetu, RwandAir ilipopokea Airbus A330 yake ya kwanza mwaka 2016, ndege iliyopewa jina la Ubumwe, abiria waliletewa intaneti angani.

Basi kanuni si moja kwa ndege zote. Lililoruhusiwa katika ndege ya jana laweza kukatazwa katika ndege ya leo. Hii ndiyo sababu askari hapaswi kusema, "Mimi nimezoea." Na asidhani kuwa wataalamu wamemaliza mashaka yao. Mwezi Januari 2022, mitandao ya 5G ilipowashwa Marekani, baadhi ya mashirika yaliahirisha safari kwa kuhofia kuwa masafa yake yalikuwa karibu mno na yale ya chombo kinachompimia rubani umbali kutoka ardhini.

MOTO KATIKA MKOBA

Hatari iliyo dhahiri zaidi siku hizi ni betri. Betri ya lithiamu ikigongwa, ikibanwa au ikiwa mbovu, huweza kuwaka ghafula. Tarehe 28 Januari 2025, ndege ya Air Busan iliwaka moto ikiwa bado chini katika uwanja wa Gimhae, Korea Kusini. Watu wote 176 waliokuwamo waliokolewa, lakini ndege iliteketea. Wachunguzi waliielekezea kidole pawabenki iliyokuwa katika sanduku la juu la mizigo. Tunashukuru kwamba ilikuwa bado haijapaa.

Kwa hiyo pawabenki haiwekwi katika mzigo unaopelekwa chini ya ndege, mahali ambapo hakuna wa kuona moshi. Hubebwa mkononi, na uwezo wake usizidi wati-saa 100 bila idhini ya shirika. Iliyoandikwa 20,000 huwa na wati-saa 74 hivi. Ile aliyokuwa akiipatania koplo wetu haikuwa na maandishi yoyote. Tulimshauri airudishe, naye akairudisha. Aidha, simu ikidondoka katikati ya viti, usikisogeze kiti kuitafuta, maana kiti chaweza kuiponda betri. Mwite mhudumu.

NANI MWENYE AMRI

Hapa ndipo penye mtihani wa nidhamu. Mhudumu wa ndege aweza kuwa binti wa miaka 22, na abiria akawa meja mwenye nishani kifuani. Binti akisema, "Zima simu," meja huzima. Mkataba wa Tokyo wa mwaka 1963 umempa rubani mkuu wa ndege ya kiraia mamlaka ya kulinda usalama na nidhamu ndani yake, hata kumzuia abiria mkorofi na kumteremsha. Mkataba huo hauzigusi ndege za kijeshi na za polisi. Huko zatawala amri zetu wenyewe, nazo aghalabu ni kali zaidi, kwa kuwa picha moja iliyotumwa kutoka dirishani yaweza kumfahamisha adui kikosi kimefika wapi na saa ngapi.

Nguvu ya mhudumu haitokani na cheo. Ndege ya abiria hairuhusiwi kubeba watu mpaka ithibitishwe kuwa wote waweza kutoka katika sekunde 90. Zikifika sekunde hizo, yeye ndiye atakayetoa amri mlangoni, na aliyekuwa na macho katika simu atakuwa wa mwisho kumsikia. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, na ndani ya ndege mkuu ni yule aliyekabidhiwa mlango.

Koplo alitusikiliza kimya. Kisha akapanga mambo yake kama mtu anayepanga lindo. Alimwachia mkewe saa ya kuondoka na saa ya kufika, akamwomba dada yake alale nyumbani kwao, na jirani mwenye gari akakubali kuwa tayari usiku na mchana. Ndegeni aliizima simu kabla hajaambiwa.

Ndege ilipotua na ruhusa ikatolewa, aliiwasha kwa mikono iliyotetemeka. Hakukuta ujumbe wowote wa kuzaliwa mtoto. Mtoto alizaliwa siku tatu baadaye, mama na mwana wakiwa salama, na baba akazipokea habari akiwa kambini, amesimama juu ya ardhi imara.