Sabufa iko sebuleni, besi inaishia kitandani kwa mtoto

Saa tatu usiku. Baba amekaa kwenye kochi katikati ya sebule, rimoti mkononi, anaongeza besi kidogo kwa sababu anaona haisikiki vizuri. Chumba cha pili mtoto wa darasa la saba amejifunika mto masikioni. Ng'ambo ya ukuta, mama mpangaji mwenye kichanga cha wiki tatu anagonga ukuta kwa kiganja.

Kesho asubuhi watanuniana uani. Baba ataapa kwamba sauti ilikuwa ndogo, na hatakuwa anadanganya. Pale alipokuwa amekaa, ilikuwa ndogo kweli.

Huo ndio ugomvi wa sabufa katika nyumba nyingi za kupanga: anayeshika rimoti siye anayeipata besi yote.

Besi ni sauti nene, na mawimbi yake ni marefu. Sauti ya hezi 50, ambayo ni mdundo wa chini kabisa katika nyimbo nyingi, ina wimbi la karibu mita saba. Sebule nyingi hazifiki hapo. Wimbi likigonga ukuta hurudi na kukutana na jingine linalokuja, na katika chumba cha mita tatu na nusu sauti hiyo hujazana kwenye kuta mbili zinazotazamana huku ikififia katikati. Katikati ndipo lilipo kochi.

Kwa hiyo baba anaongeza. Kila anapoongeza, yeye anapata kidogo na ukuta unapata kingi. Ukuta wa tofali moja hupunguza sauti nyembamba za waimbaji, lakini besi huipitisha. Ndiyo maana jirani hasikii maneno ya wimbo, anasikia "du, du, du" tu, na hicho ndicho kinachokera zaidi.

Kuna na suala la kona. Familia nyingi huiweka sabufa kwenye kona ili watoto wasiikanyage, na nia ni njema. Lakini kona ina kuta mbili na sakafu, na zote zinarudisha besi chumbani. Sauti inakuwa kubwa na inavuma kama mtu anayeongea ndani ya mtungi.

Mafundi wa sauti wana njia yao ya kutafuta mahali pazuri, na haihitaji kununua chochote. Zima sabufa, ipandishe kwenye kochi, pale pale mnapokaa, kisha washa wimbo wenye besi isiyobadilika sana. Sasa tambaa sebuleni, kichwa kikiwa chini, ukisikiliza kila upande. Watoto hulipenda zoezi hili, waache watambae nao. Kuna mahali besi itapotea, kuna mahali itavuma, na kuna mahali itasikika safi, kila mdundo peke yake. Hapo ndipo sabufa inapotakiwa kukaa, kwa sababu ikihamia pale, wewe uliye kwenye kochi utasikia hivyo hivyo.

Mkipata sehemu mbili nzuri, chagueni iliyo mbali na ukuta wa jirani na wa chumba cha watoto. Kuivuta kiganja kimoja kutoka ukutani hakubadilishi mambo sana, ingawa kama tundu lake la hewa liko nyuma, nafasi hiyo ni lazima.

Kama sebule imebana na sabufa haina pa kwenda, sogezeni kochi. Likikaribia ukuta wa nyuma, besi itaongezeka masikioni mwa aliyekaa, naye ataipunguza bila kushurutishwa. Kitanda cha mtoto nacho kikiwa kimeegemea ukuta wa sebule, kigeuzeni kichwa kielekee upande mwingine.

Kisha kuna kitufe cha besi chenyewe, ambacho katika nyumba nyingi kimezungushwa hadi mwisho tangu siku sabufa ilipotoka dukani. Kirudisheni sifuri. Wekeni taarifa ya habari inayosomwa na mwanamume, sauti iwe ya kiasi cha mazungumzo, kisha pandisheni besi taratibu. Msomaji akianza kunguruma, mmezidisha. Rudisheni nyuma kidogo, muache hapo.

Kabati la vyombo likitetemeka, vipande vya kandambili kuukuu chini ya miguu ya sabufa husaidia. Vinapunguza mtetemo unaopita sakafuni. Ule wa hewani unabaki, kwa hiyo jirani asiahidiwe kandambili.

Masikio ya watoto nayo yana mpaka wake. Mwongozo uliotolewa mwaka 2019 na Shirika la Afya Duniani pamoja na Shirika la Kimataifa la Mawasiliano, kwa ajili ya simu na vifaa vya kusikilizia muziki, unamwekea mtoto desibeli 75 kwa saa 40 za wiki. Mtu mzima anawekewa 80. Nyumbani si wengi wenye kipimo, lakini ikiwa mnalazimika kupaza sauti ili kusikilizana na aliye umbali wa mkono mmoja, imezidi. Na mtoto mdogo asiachwe acheze akiwa ameegemea spika.

Lile tundu la hewa lichunguzwe kila mara. Humo hupatikana sarafu, kalamu, kijiko na wakati mwingine rimoti iliyotafutwa wiki nzima. Nyaya zipite nyuma ya kochi, zisivuke mlangoni, na anayepiga deki achomoe kwanza.

Wapo wanaosema kwao ni kwao, muziki ni wao. Tanzania ina kanuni za kudhibiti kelele na mitetemo tangu mwaka 2015, lakini hakuna anayetaka kufika huko kwa sababu ya mpangaji mwenzake wanayechangia bomba moja.

Kabla ya kusema kazi imekwisha, baba auache wimbo ukipiga, aingie chumba cha watoto, afunge mlango na kulaza kichwa kwenye ule mto. Kisha avae kandambili zake, apige hodi kwa mama mwenye kichanga, na kuomba asikilize akiwa upande ule wa ukuta.